Msiba Kwanza, Hospitali Baadaye

Pale Mpemba, ukimtaja Rabson, watu hawakumbuki matairi. Wanakumbuka makaburi. Ni ajabu, maana matairi ndiyo kazi yake. Anaziba pancha za malori kando ya barabara kuu, pale ambapo foleni ya kuelekea mpakani Tunduma huanza kunenepa. Lakini matairi ni ya wapita njia. Makaburi ni ya majirani.

Alizaliwa Igamba, kwenye kahawa na mahindi, mtoto wa kiume pekee katika nyumba iliyojaa dada wakali. Alipokuwa kijana akateremka kutafuta maisha, akaanza kwa kumshikia jeki fundi mwingine, akajifunza Kibemba cha kutosha kubishana na madereva wa Zambia, na akamwoa Tumpe, aliyekuwa akikaanga viazi hatua chache kutoka kwenye jeki hiyo. Mungu akawapa binti mmoja, Mercy, ambaye aliolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, karibu kiasi kwamba wakipiga kelele sana wanaweza kusikilizana, na mbali kiasi kwamba saa zao ziko nyuma.

Makaburi yalianza hivi. Palitokea msiba wakati wa kiangazi, ardhi imekauka kama sahani, vijana wakapiga majembe hadi mipini ikavunjika. Rabson akawatazama, akaondoka bila kusema, akarudi na mtaimbo wake wa kung'olea matairi kwenye ringi. Kufika mchana shimo lilikuwa tayari, kuta zake zimenyooka utafikiri zimepigwa randa. Tangu hapo chama cha kufa na kuzikana cha mtaa hakikuchimba tena bila yeye.

Alichimba kwa wema, hilo halina ubishi. Lakini tusidanganyane, alichimba pia kwa matumaini. Kule kwao ukimsaidia mtu kulima, siku yako ikifika naye anakuja na jembe lake. Rabson aliamini kaburi ni hivyo hivyo. Akiwa ndani ya shimo, jasho linamchuruzika, alikuwa akiuona msiba wake mwenyewe: kwaya imepangana, wanawake wamejifunga khanga viunoni, Lusubilo mwenyekiti wa chama anasoma wasifu kwa sauti ya kutetemeka, na watu wanalia mpaka wali unapoa. Wazo hilo lilimpa nguvu ya kuchimba zaidi.

Ndipo ukaingia mwaka wa corona.

Mpakani madereva wakawa wanapimwa mmoja mmoja, foleni ya malori ikarudi nyuma, ikafika Mpemba, ikapita, ikaendelea kwenda huko Mbozi kama nyoka anayetafuta mkia wake. Tumpe akamlazimisha mumewe kuosha kila tairi kwa sabuni kabla ya kuligusa, kana kwamba tairi nalo lilikuwa likikohoa. Kila mlango ukawa na ndoo ya maji ya kunawa. Kila nyumba ikawa inajifukiza, watu wakitoka chini ya mablanketi wekundu kama wamechemshwa.

Na hospitali ikawa tupu.

Pale hospitalini kuna sehemu ya dharura, ipo mbele kabisa ukishaingia getini. Zamani hapakuwa na nafasi hata ya kuegemea ukuta. Aliyeanguka na pikipiki njia ya Galula alikuwa pale, aliyepigwa pembe na ng'ombe kule Ivuna alikuwa pale, mtoto aliyemeza kifungo alikuwa pale, pamoja na ndugu zao wote na vikapu vyao vya chakula. Mwaka ule pakawa peupe. Si kwamba watu waliacha kuanguka. Walianguka vizuri tu, ila walibaki na maanguko yao nyumbani. Mtu anavunjika mkono, anafungwa vipande vya kreti ya soda, ukimuuliza anasema kabati limemgusa kidogo. Mama kifua kinambana, anasema ni furaha. Neno lilikuwa limeenea: ukiingia kule hata na jipu, unatoka na jina la corona. Na ukifa na jina hilo, unazikwa na watu usiowajua.

Rabson hakuhitaji kuambiwa hayo. Aliyaona. Siku moja ng'ambo ya barabara, makaburini, lilisimama gari, wakashuka watu waliovaa nguo nyeupe mwili mzima, miwani mikubwa na glavu, kama watu wanaokwenda kurina asali. Walikuwa wanamzika dereva mmoja, mgeni wa mbali. Hakukuwa na wimbo. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeshika konzi ya udongo. Rabson alikuwa ndio kwanza anajaza upepo tairi la nyuma, na kabla tairi halijakaza wale warina asali wameshamaliza, wamepanda gari, wameondoka.

Alirudi nyumbani hakula.

"Mama Mercy," alimwambia Tumpe, "mimi nikiumwa, nisipelekwe kule."

"Utaumwa nini wewe?"

"Lolote."

Lolote lilikuwa linamsubiri kinenani. Rabson alikuwa na ngiri, kama watu wengi wanaonyanyua vitu vizito kuliko wao. Ilikuwa uvimbe mdogo wa ukubwa wa limau, unatokeza jioni akichoka. Alikuwa akilala chali, anausukuma kwa vidole, nao unarudi ndani kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Waliishi hivyo miaka mingi, yeye na ngiri yake, bila kugombana.

Asubuhi moja alinyanyua ringi ya lori la saruji, ngiri ikatoka, na safari hii ikakataa kurudi. Alilala chali. Alisukuma. Ikawa ngumu kama jiwe. Jua lilipopanda kidogo alikuwa ameshatapika mara kadhaa na jasho lake limekuwa la baridi. Tumpe akakimbia kumwita Amoni wa duka la dawa. Amoni alikuja, akasimama mlangoni na barakoa mbili, akanyoosha shingo kama twiga kutazama kutoka mbali.

"Hii haina kidonge," alisema. "Utumbo umetoka ukabanwa. Huyu anatakiwa kisu, tena leo. Mkingoja jua lizame, utumbo unaoza humo humo, na yeye anaufuata."

"Umesikia?" Tumpe alisema. "Nyanyuka, twende."

"Siendi."

"Baba Mercy!"

"Siendi kuzikwa na warina asali."

Tumpe akamshika mkono wa kulia, Amoni akasahau barakoa zake akamshika wa kushoto. Wakavuta. Lakini Rabson alikuwa ameshika mguu wa kitanda, na mikono ile ilikuwa imezoea kushindana na matairi ya lori. Kitanda kilisogea hadi mlangoni, yeye hakuachia.

Dada yake Ketrina akaingia wakati huo, mkubwa wake, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, corona ikamzuia kurudi kwake. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, na kila alipokaa alionekana kama amekuja kuhukumu kesi.

"Mdogo wangu, unataka nini?" aliuliza.

Rabson alihema. Maumivu yalipopungua kidogo akasema, "Dada, nimewachimbia watu wa mtaa huu wote. Wote! Hata yule mlevi aliyenitukana. Sasa nikienda kule nikafa, hakuna wa kunilia. Nipeni msiba wangu kwanza. Nilieni hapa, nikiwa nasikia. Baada ya hapo nipelekeni mnapotaka, hata kwenye mzinga wa nyuki."

Tumpe alidhani homa imempanda. Akamgeukia wifi yake ili wasaidiane kumfunga kamba. Lakini Ketrina alikuwa ameweka kidole kwenye kidevu.

"Ana haki," alisema Ketrina.

"Wifi!"

"Ana haki, wifi. Mtu hawezi kuchimba makaburi yote hayo halafu aondoke kama kuku."

"Basi uwe msiba wa haraka," Tumpe alisema, machozi yanamlenga. "Wimbo mmoja, sala moja, tunaondoka."

"Msiba wa haraka ndiyo nini?" Ketrina aliuliza, akaanza kukunja mikono ya gauni. "Kawasheni moto nje."

Lusubilo alipoitwa alikuja na shati jeupe, kama desturi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, mpenda sheria. Alipoelezwa alitoa katiba mfukoni, akaipekua ukurasa kwa ukurasa, Tumpe akatamani kumtikisa.

"Shida ni katiba," alisema hatimaye. "Katiba ya chama inasema tutakusanyika kwa ajili ya mwanachama aliyefariki."

"Nitafariki!" Rabson alipiga kelele kutoka ndani. "Nyinyi kusanyikeni tu!"

Lusubilo aliitikia kwa kichwa polepole. "Kwa kweli haisemi tuanze lini," alikubali.

Msiba ukaanza. Moto ukawashwa uani, wanaume wakakaa kuuzunguka, kila mmoja mbali na mwenzake kwa sababu ya corona, hata ikawa kama wamegombana. Wanawake waliingia wakilia kuanzia njiani kama ilivyo kawaida, wakafika kwenye ndoo, wakanyamaza, wakanawa kwa sabuni, wakaendelea kulia pale pale walipoishia. Unga ukaletwa, maharage yakabandikwa. Rabson alilazwa kwenye godoro barazani, shuka limefunika mpaka kifuani, beseni la kutapikia pembeni. Alikuwa mweupe midomo, lakini macho yake yalikuwa yanahesabu waliofika.

"Familia ya Nesta sijaiona," alimnong'oneza dada yake.

"Wanakuja. Kuni zao zimelowa."

"Mimi nilimchimbia baba yake juani."

"Tulia. Marehemu haongei."

Lusubilo akasimama na karatasi. "Ndugu yetu Rabson," alianza, "alizaliwa Igamba, akasoma hadi darasa la nne..."

"La tano!" ilitoka sauti kwenye godoro.

"Marehemu anasema la tano," Lusubilo aliwaambia waombolezaji.

"Usiniite marehemu, sijafika."

"Sasa nikuite nani? Wasifu ni wa marehemu. Mgonjwa hana wasifu."

Watu walinong'ona. Wengine, waliotoka Igamba pia, waliunga mkono la nne, kwa sababu walisoma naye wenyewe na hawakumwona la tano. Ukazuka ubishi wa kistaarabu. Mzee mmoja alitaka wapige kura. Rabson alitaka kujibu lakini mkato wa maumivu ulimpita tumboni kama waya wa moto, akajikunja, akatapika kwenye beseni, maji ya kijani.

Tumpe aliyaona yale maji. Aliutazama na uvuli wa nyumba, ambao asubuhi ulikuwa mrefu na sasa umejikunja miguuni pa ukuta.

"Inatosha," alisema. "Twendeni."

"Kwaya haijaimba," alisema Ketrina.

Kwaya ikaimba. Waliimba na barakoa, sauti zikatoka kama watu waliofungiwa kwenye mtungi. Rabson alifumba macho. Hivyo ndivyo alivyoota siku zote, hata wimbo ni ule ule. Lakini kulikuwa na kasoro.

"Sauti ya nne haisikiki," alisema.

"Mwenye sauti ya nne ana mafua," kiongozi wa kwaya alijibu. "Tumemwambia abaki kwao, wasije wakasema."

Simu ya Tumpe ikalia. Alikuwa Mercy kutoka Nakonde. Mpaka ulikuwa umefungwa siku hizo, hakuweza kuvuka. Ketrina alichukua simu, akaweka sauti kubwa, akaitua kwenye godoro karibu na sikio la mdogo wake.

"Binti analia kutoka Zambia," alitangaza.

Na kweli Mercy alikuwa akilia, lakini si kilio cha msibani chenye majina na sifa. Alikuwa akikaukiwa pumzi.

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia. Endelea."

"Siendelei! Baba, inuka! Hapa kwetu wamefunga njia, siwezi kuja. Ukifa leo mimi nitakuzika kwenye simu? Hata chaji sina!"

Simu ikakata.

Rabson alibaki akiangalia kile kioo cheusi. Pale uani watu walikuwa wanaendelea kulia, na alipowatazama vizuri aliona wanalia kwa utaratibu, kwa zamu, jicho moja kwenye sufuria la maharage. Hawakuwa wabaya. Ndivyo misiba ilivyo, naye mwenyewe huwa analia hivyo. Akageuka amtafute Tumpe ili amwonyeshe, wacheke, kama walivyozoea kuwacheka watu.

Tumpe alikuwa ameketi chini peke yake, nyuma ya nguzo ya baraza. Hakuwa na khanga kiunoni. Hakutoa sauti. Alikuwa amejibana mdomo kwa mkono wote, mabega yanaruka, kama mtu anayejizuia kutapika. Yule ndiye peke yake ambaye hakuwa msibani. Alikuwa anaogopa tu.

Rabson akaingiwa na baridi ambayo si ya jasho.

"Mama Mercy," aliita.

Hakugeuka.

"Mama Mercy, nipeleke."

Tumpe alisimama kabla hata neno halijaisha.

Shadrack alikuwa na bajaji, na bajaji yake ilikuwa pale pale nje kwa sababu alikuja kulia. Walimbeba na godoro lake, wakamwingiza nyuma, miguu nje. Lakini walipofika barabarani Shadrack alizima injini. Malori yalikuwa yamepanga mistari miwili, mengine yamechomekea pembeni, hata mbuzi asingepita. Madereva walikuwa wamekaa chini ya matela wakipika.

"Mgonjwa!" Shadrack alipiga honi. "Mgonjwa, tupisheni!"

Neno hilo mwaka ule lilikuwa kosa. Madereva waliokuwa ndani ya malori walipandisha vioo. Mmoja alipandisha na ngazi.

Ketrina alishuka. Alikwenda kwenye mti wa karibu, akavunja matawi yenye majani mabichi, akayafunga mbele ya bajaji kwa khanga yake, kama yanavyofungwa kwenye gari linalobeba mwili. Kisha akainua mkono, na kwaya, iliyokuwa imewafuata kwa miguu, ikaanza kuimba tena.

Na barabara ikafunguka. Lori la kwanza likarudi nyuma. La pili likapanda tuta. Madereva wakatoka chini ya matela, wakavua kofia, wengine wakafanya ishara ya msalaba. Tumpe alikuwa amekaa pembeni ya mumewe, ameshika kichwa chake mapajani, akisema chini chini, "Haraka, Shadrack, haraka," naye Shadrack akijibu, "Mama, msiba haukimbizwi, watashtuka." Bajaji ikapita katikati ya malori kwa heshima zote.

Hapo ndipo dereva mmoja Mzambia, aliyewahi kuzibiwa pancha, akainama kumtazama marehemu.

"Ba Rabson?" alimsalimu kwa Kibemba, kwa huzuni. "Mulishani, ba Rabson?"

"Bwino," alijibu Rabson kwa mazoea, yaani hajambo, na akainua kichwa.

Yule bwana hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye lori lake, akapanda, akafunga mlango, na wanasema hata zamu yake ya kupimwa ilipofika aligoma kushuka.

Kwenye geti la hospitali mlinzi aliona matawi, akasikia wimbo. Alivua kofia. "Poleni sana," alisema. "Mwili unapita nyuma, kushoto."

"Huyu ni mzima!" Tumpe alisema.

"Poleni, mama," mlinzi alirudia kwa upole, kwa sababu wafiwa wengi husema hivyo. "Nyuma, kushoto."

Kwa hiyo wakafika mochwari. Mhudumu wa pale, mzee mtulivu mwenye glavu ndefu, alisogeza kitanda cha magurudumu mpaka kwenye bajaji.

"Jina la marehemu?"

"Rabson," alisema Rabson.

Mzee alimtazama bila kushtuka hata kidogo. Huenda katika kazi ile alikuwa ameshamaliza mishtuko yake yote.

"Mwenzangu," alisema, "mimi napokea waliomaliza. Wewe bado una maneno." Kisha akageuza kitanda, wakampakia hapo hapo, na akakisukuma yeye mwenyewe kuelekea mbele, kwenye dharura, akiingilia mlango wa nyuma.

Ndani ya dharura vitanda vilikuwa vimetandikwa, shuka zimenyooka kama hazijawahi kulaliwa. Daktari kijana alikuwa amesinzia. Nesi Violet na wenzake wawili walikuwa wameketi kwenye benchi la wagonjwa, maana halikuwa na kazi nyingine. Mlango wa nyuma ulipofunguka, Violet aliruka.

"Mgonjwa!" alipaza sauti, kama mtu aliyeona mvua. "Jamani, mgonjwa!"

Manesi wote watatu wakaja mbio. Nguo nyeupe mwili mzima. Miwani mikubwa. Glavu.

"Warina asali!" Rabson alilia, akajaribu kuruka kitandani. Maumivu yalimkamata katikati, na Ketrina akamkamata pembeni.

"Baba, tulia, baba," Violet alisema nyuma ya barakoa. "Tumekaa hapa tangu asubuhi hatujaona hata aliyejikwaa. Karibu sana."

"Mnataka kunizika!"

"Hata jembe hatuna, baba. Tuonyeshe panapouma."

Rabson akaonyesha. Macho ya Violet yakabadilika. Akamwita daktari kwa jina, mara moja tu, na yule kijana akaamka ameshavaa glavu.

"Hii imeanza lini?" aliuliza daktari.

"Asubuhi," Tumpe alisema.

"Sasa hivi ni mchana mkubwa! Mbona mmechelewa?"

Tumpe akajibu, "Alikuwa msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wake."

Daktari akamtazama Violet. Violet akamtazama mzee wa mochwari, ambaye alikuwa bado ameshika kitanda. Mzee akaitikia kwa kichwa, kama shahidi. Walimsukuma Rabson kuelekea chumba cha upasuaji, na Tumpe akakimbia pembeni mpaka pale mlango ulipomzuia. Sheria ya corona iliruhusu ndugu mmoja tu hospitalini. Ketrina na kwaya nzima wakatolewa nje ya geti, wakiwa katikati ya ubeti.

Tumpe alingoja kwenye lile benchi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kungoja naye. Hapo awali angekuwa amebanwa kati ya watu wawili wanaomwonea huruma na mmoja anayemsimulia ngiri ya mjomba wake. Sasa alisikia saa ya ukutani.

Daktari alipotoka alikuwa amelowa jasho mpaka miwani.

"Utumbo ulikuwa umeanza kuwa wa bluu," alisema. "Tukaulegeza, tukaungoja. Rangi imerudi. Mngekaa kidogo tu huko msibani, ningeukata, au nisingekuwa na cha kukata."

Rabson alipozinduka aliona sura zimemzunguka, miwani juu ya barakoa, wote wanamwangalia yeye. Alijua amekufa. Kisha mmoja akamuuliza kama amejamba.

"Nini?"

"Ukijamba, baba, tujue utumbo unafanya kazi. Tunasubiri wote."

Wakati jambo hilo lilipotokea, zamu nzima ilishangilia. Siku zote alizolazwa alitunzwa kama yai la bata wa kuazima. Alipimwa joto na aliyeingia zamu na aliyetoka zamu, na hata aliyekuwa anapita tu. Siku ya kuruhusiwa, Violet alimsindikiza mpaka getini.

"Waambie watu waje, baba. Vifua, mimba, mifupa, vyote. Sisi tupo."

"Nitawaambia," Rabson alisema. "Ila nguo zenu, mwanangu, zitafutieni rangi nyingine."

Nyumbani walifika jioni, yeye akitembea kwa kujikunja, mkono juu ya bandeji, Tumpe amemshika kwapani. Kabla ya kukata kona walinusa moshi. Uani moto ulikuwa bado unawaka. Wanaume walikuwa wamekaa kuuzunguka, wengine wanacheza bao. Sufuria la maharage lilikuwa jipya. Ketrina alikuwa amelala kwenye mkeka.

Walipomwona walisimama wote, hawakujua wampe mkono, wampe pole, au wakimbie.

"Mnafanya nini hapa?" Rabson aliuliza.

Lusubilo akasogea mbele, amechoka, shati lake jeupe limekuwa la kijivu. "Tumekwama," alisema. "Kikatiba moto wa msiba hauzimwi mpaka mwili uzikwe. Tumeuwasha, basi tukawa tunakungoja. Ukifa tuzike. Usipokufa..." Akafungua mikono. "Hapo katiba imenyamaza."

"Sasa nimepona."

"Tunaona. Hongera sana. Lakini moto?"

"Na machozi tumeshatoa," Ketrina alisema kutoka mkekani, bila kufungua macho. "Siku ukifa kweli usitegemee kwangu."

Ukaanza ubishi. Mmoja alisema wazike kitu chochote, hata viatu. Mwingine alisema achimbe mwenyewe, ndiye fundi. Mwingine alihoji kama mtu aliyekwisha kusomewa wasifu anaweza kuendelea kuwa mwanachama, au ni mgeni. Rabson alisimama katikati yao, watu ambao alitamani maisha yake yote wamzunguke hivyo, na alichotaka wakati ule ni kitanda.

Tumpe alimwachia kwapa polepole, akahakikisha amesimama sawasawa. Alikwenda kwenye karo la vyombo, akanyanyua beseni la maji machafu yenye mabaki ya ugali, akarudi nalo, akamimina lote juu ya moto. Shaaa! Moshi ukawafunika wote mpaka kwaya.

"Mama Mercy!" Lusubilo alikohoa. "Kikatiba..."

"Mwenyekiti, shikamoo," Tumpe alisema. "Nendeni majumbani kwenu. Mume wangu anataka kulala."

Wakaondoka. Walikusanya mabakuli yao, mikeka yao, bao lao, wakatoka mmoja mmoja, na mlangoni, kwa kukosa neno la kuagana, wengi wao wakasema tu, "Poleni na msiba."

Tumpe alimlaza chali, akamwekea mto chini ya magoti kama Violet alivyomwelekeza. Nje moto ulikuwa bado unafuka na kutoa sauti ya kukoroma.

"Darasa la tano," alisema Tumpe. "Kwa nini uliwadanganya?"

"Nilidhani siku hiyo hawatabisha."

Tumbo likamruka kidogo, akashika mshono kwa mikono miwili, akakunja uso.

"Inauma?"

"Inauma nikicheka."

"Basi usicheke," Tumpe alisema, kisha yeye mwenyewe akaanza.